Benchi Isiyo na Mgongo

Kanisani kwetu, mtaani Kambi Muru, mwenye dhambi hafukuzwi. Anaambiwa aende nyuma. Kuna benchi moja kule karibu na mlango, na ukishawekwa chini ya nidhamu ndiko unakokaa. Huimbi na kwaya, hushiriki meza ya Bwana, na ukifa kabla ya kutubu mbele ya watu, pasta hakuziki. Jamaa zako watakufukia wenyewe, bila wimbo wala neno.

Benchi hiyo aliitengeneza baba yangu. Alikuwa seremala wa vitanda pale kituo cha matatu cha Kawangware 56, kando ya barabara, na kanisa lilipoanza alilitolea mbao zilizobaki kwenye kazi za wateja. Benchi za mbele zikapata migongo. Alipofika ya mwisho, mbao zikamwishia.

"Ningejua ni mimi nitakaa hapa," aliniambia baadaye, "ningeiwekea mgongo."

Tulicheka, kisha nikaona macho yake nikaacha.

Kosa lake lilikuwa maombi. Mdogo wake, baba yangu mdogo, mtu wa mizaha aliyeweza kumchekesha hata askari mkali wa kanjo ya jiji, alijitoa uhai katika chumba chake cha kupanga. Kanisa likakataa kumzika. Tukampeleka nyumbani Kitui, naye akawekwa ukingoni mwa shamba, mbali na makaburi ya babu na nyanya, kwa kuwa hata wazee wa ukoo hawakumtaka katikati. Watu walisimama midomo imefungwa kama waliokuja kuzika takataka. Ndipo Baba akavua kofia akasema, "Mungu, huyu ni wako, mpokee." Basi, hayo tu. Muumini mmoja aliyetusindikiza akayabeba maneno hayo hadi Nairobi kabla udongo haujakauka. Jumapili iliyofuata Baba akaitwa mbele, aseme alikosea kumwombea mtu aliyejihukumu mwenyewe. Alikataa, akaenda nyuma.

Mimi hufundisha fasihi katika shule ndogo ya upili karibu na mtaa wa Olympic. Naweza kusema nalishwa na watu waliolaaniwa, maana vitabu vya kale vimejaa hao. Yupo msomi anayemuuzia shetani nafsi yake. Yupo msafiri anayeoneshwa mateso ya wafu, shimo baada ya shimo. Zipo tenzi za pwani zinazoueleza moto wa jehanamu kana kwamba mtunzi alitoka huko jana. Kanisa nilikuwa nimeliacha tangu chuo, na nilifundisha dhambi na wokovu kama mwenye bucha asiyekula nyama.

Siku moja tulipofika mahali yule msomi analia saa yake ya mwisho na bado hatubu, msichana mmoja akainua mkono. "Ticha, kwani hangesema tu sori, stori iishe?"

Nikawapa jibu ambalo walimu hutoa. Kiburi. Aliyepotea ni yule anayekataa kupiga goti. Wakaandika, nami nikaridhika.

Wakati huo Baba alikuwa kitandani, vumbi la mbao limemla mapafu, na daktari alikuwa ameshatuambia tumpeleke nyumbani tukamtunze. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu nyumbani mwetu: atatubu ama hatatubu. Mama alikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa, mwenye kuzika na kuimbia maiti za watu kila wiki, na hakuweza kufikiria mume wake akishushwa kaburini kwa ukimya.

"Ni neno moja tu, mzee," alimwambia mbele yangu huku akipuliza jiko kwa hasira. "Moja! Unataka nikuzike kama mbwa?"

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Nilimsomea Baba ule mchezo wa msomi, nikiutafsiri palepale, nikitumaini atajiona ndani yake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mtu hakuwa na ndugu?" akauliza.

"Kitabu hakisemi."

"Sawa," akasema, akageukia ukuta. Nilikasirika. Niliona anakwepa.

Pasta alikuja alasiri moja pamoja na mzee wa kanisa, wamebeba mkate wa meza ya Bwana katika mkebe mdogo. Siwezi kumsema vibaya yule pasta. Alikuwa kijana mpole, na aliketi kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sababu viti havikutosha.

"Mzee, hatuna ubaya na wewe," alisema. "Sema tu ulikosea, tukuombee, hiyo kitu iishe."

Mama alikuwa amepiga magoti tayari. Baba alivuta pumzi kwa shida.

"Nikisema nilikosea, hayo maombi nimeyarudisha. Na hakuna mwingine alimwombea. Si atabaki huko peke yake?"

Pasta alitazama mkebe. "Huko hatuwezi kumfikia, mzee."

"Basi niacheni nyuma."

Mama alilia kwa sauti. Mimi nilitoka nje nikasimama uchochoroni, na lile jibu langu la darasani, kiburi, likanishinda kulimeza.

Alikufa wiki hiyo hiyo. Tukamzika Kitui, ukingoni mwa shamba, kando ya mdogo wake, kama alivyotaka. Watu wa kanisa walikuja kama majirani, bila sare, wakasimama wakitazama viatu vyao. Nilikuwa na vitabu vyote vile kichwani na sikupata hata sentensi moja. Nilimchukia kila mtu pale, nikajichukia zaidi.

Mama alikuwa amekatazwa na kanisa kuvaa sare ya kikundi siku hiyo. Aliivaa. Alisogea hadi ukingo wa kaburi, akasema kwa sauti aliyozoea kuanzishia nyimbo, "Mungu, huyu ni wako, mpokee." Kisha akageukia ule udongo wa pili, wa shemeji yake, ambao majani yalikuwa yameanza kuufunika. "Na yule pia."

Hakuna aliyeitikia amina. Safari hii hakukuwa na haja ya mtu kupeleka habari, maana wote walikuwepo.

Jumapili nilimsindikiza Mama hadi mlango wa kanisa nikidhani nitamwacha hapo kama kawaida yangu. Hakungoja kuitwa mbele. Aliingia, hakukitazama kikundi chake kilichoketi mbele, akageukia benchi ya nyuma, akakaa. Mwili ulikuwa umemwishia nguvu kwa maombolezo, na nikamwona akijiinamia, akijiinua, akitafuta pa kujiegemeza asipate.

Nikaingia nikaketi kando yake. Akaniegemea hadi ibada ikaisha.