Nilifunga madaftari ya vizazi kwa nailoni nikidhani nayahifadhi

Wakuu, asalaam aleikum, na wakubwa zangu shikamooni.

Hili nalieleza kama lilivyokuwa, sitii chumvi, maana mkosa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni karani wa rekodi kwenye ofisi moja ya serikali huku Likoni. Ofisi gani msiniulize, nataka kula ugali wangu kwa amani. Nalinda madaftari ya vizazi, yale makubwa ya kuandikwa kwa mkono kabla ya mambo ya kompyuta.

Stoo yetu ilikuwa yavuja. Barua za kuomba fundi niliandika mpaka nikachoka. Masika yalipokaribia nikanunua nailoni nzito, ile ya kufunikia magodoro, nikafunga daftari moja moja na kupiga tepu kila upande.

Nilijiona fundi kweli kweli. Hata picha nikapiga, nikamtumia mume wangu.

(Wapwani wenzangu najua mshaanza kutikisa vichwa. Ngojeni.)

Miezi ikapita. Siku moja akaja mama wa mtaa wa Shika Adabu, tumwite Bi Mwanajuma, na bintiye Saumu. Saumu kapata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo chataka kitambulisho kabla mwezi kwisha, kitambulisho chataka cheti cha kuzaliwa, na cheti hakikuwahi kuchukuliwa. Jina lake limo kwenye daftari langu tu.

Nikaingia stoo kwa mbwembwe, nikakata tepu.

Wallahi harufu iliyotoka pale ilinirudisha nyuma. Kuvu ya kijani, kurasa zimegandana. Mvua haikuingia hata tone. Unyevu ulikuwamo kwenye karatasi tangu siku niliyofunga, na joto letu la huku mwalijua.

Ningeweza kusema daftari halionekani, rudini wiki ijayo. Shetani alinishauri hivyo, sifichi. Lakini yule binti alikuwa ameshika barua ya chuo kwa mikono miwili, kaitia kwenye bahasha safi. Nikashindwa. Nikalitoa daftari, nikawaonyesha, nikawaomba radhi.

Bi Mwanajuma hakunifokea. Alilitazama, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hata chapati za moto hatuzifungi kwenye nailoni. Mbona hukuuliza?"

Nililia pale pale dirishani, mtu mzima na beji yangu shingoni.

Nikampigia Mzee Mutiso, aliyekalia kiti hiki kabla yangu, sasa amestaafu yuko Changamwe. Akaniambia nisibandue kitu kwa nguvu na nisianike juani. Kesho yake akavuka feri akaja mwenyewe na barakoa mbili, moja yake, moja yangu.

Tulitumia feni, magazeti makavu katikati ya kurasa, na kisu butu cha kupakia siagi. Siku nne. Bi Mwanajuma alikuwa akija na mahamri, anakaa benchi akisubiri. Mahamri yale yaliniuma kuliko matusi.

Siku ya tano ukurasa wa Saumu ukafunguka. Wino umefifia, lakini jina, tarehe na jina la mama vyasomeka. Cheti kikatoka, kitambulisho kikafuata, na chuo kikampokea. Juzi kanitumia picha amevaa sare, nikamwonyesha kila mtu ofisini.

Ningeishia hapa ingekuwa tamu. Lakini kurasa zilizotangulia ule wa Saumu hazikufunguka. Zimekuwa bonge moja, na nakala hakuna. Mle mna watoto wa watu, na sijui ni kina nani. Kila mama akija kuulizia mwaka ule, moyo wanidunda mpaka nilione jina.

Nilichojifunza ni kwamba karatasi yataka kupumua. Madaftari mengine nayo tuliyafungua, kuvu yake ilikuwa ya juu juu tu, na sasa yote yako kwenye rafu za chuma, mbali na ukuta, yamefunikwa shuka za pamba. Tumeanza kuyaskani. Paa nalo lilizibwa wakubwa walipoona picha za kuvu. Na jambo usilolijua, uliza, hata kama una beji.

Wewe uliyezaliwa huku na cheti hujachukua, njoo mapema. Ikiwa jina lako lilikuwa mle, sitakwambia daftari limepotea. Nitakwambia ni mimi.

Lile bonge sijalitupa. Liko mezani kwangu, juu ya gazeti kavu. Mwenye kujua namna ya kulifungua aniandikie hapa chini, nasoma kila jibu.