Karatasi ya Siku Nilizokula Ramadhani

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana mawifi zangu wote wako kwenye ukurasa huu. Mie ni mwanamke wa miaka 31, nakaa Temeke na mume wangu pamoja na mama yake. Ndoa yetu ina miaka minne, na mimba ninayoisimulia ilikuwa ya kwanza.

Tulipojua nina mimba, mume wangu alisema, "Jumatatu twende wote kliniki ya serikali." Nikakataa katakata. Kwenye foleni pale unakutana na mtaa mzima, na mie sikutaka mtu ajue mapema. Nikamwambia kuna zahanati ya binafsi wanapiga ultrasound hata mimba ikiwa changa, unakaa kwenye kiyoyozi, hakuna jirani wa kukuchunguza. Nikaenda peke yangu.

Daktari akauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mie kila Ramadhani naandika siku nilizokula kwa sababu ya hedhi, ili nije nizilipe. Nikatoa karatasi kwenye pochi, nikamsomea tarehe. Akahesabu wiki kumi. Akapima, akasema, "Mama, kwa wiki hizi tungeona mapigo ya moyo. Naona kifuko cha mimba tu. Una uhakika na tarehe?"

Nikawaka. "Dokta, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe!"

Akanisihi nirudi baada ya wiki mbili, au nikapime tena hospitali kubwa. Nikamjibu, "Nitembee na maiti tumboni wiki mbili?" Nililia, nikang'ang'ania, mpaka nikapewa dawa za kusafisha siku ileile. Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba daktari amekataa nisubiri. Nilidanganya. Niliona aibu kusema haraka ilikuwa yangu.

Miezi miwili baadaye nikaanza kulipa funga zangu. Tunapika futari, mama mkwe akanitania, "Safari hii umalize, mwanangu, siyo kama zile sita ulizoziacha njiani."

Jamani! Mwiko ulinidondoka. Zile sita za baada ya Idi nilifunga tatu, hedhi ikaja, nikaacha. Kwa kuwa ni sunna, si deni, sikuandika popote. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa hedhi yangu ya mwisho, na siku ile kwa daktari nilikuwa na wiki sita, siyo kumi. Nimeulizia, nikaambiwa wiki sita mapigo yanaweza yasionekane bado na mtoto yuko salama.

Huenda mimba ilikuwa imeharibika kweli. Huenda mwanangu alikuwa hai. Sitajua mpaka nakufa, na hilo linanitafuna. Nikimwona mtu na kichanga nahesabu wangu angekuwa na umri gani. Nikiinama kuswali namwona kwenye kile kioo cheusi cha ultrasound, kifuko kidogo kimetulia, kama kinanisubiri.

Sasa juzi mume wangu kaongea na binamu yake muuguzi. Karudi analia: "Walikulazimishaje bila kupima mara ya pili? Wameniulia mtoto wale!" Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Jumamosi anataka twende wote akamkabili yule daktari, na mama yake kamuunga mkono.

Yule daktari hana kosa. Alinisihi.

Nishaurini ndugu zangu, msinionee haya. Naanzaje kumwambia kwamba mtu anayepaswa kugombana naye Jumamosi si daktari, ni mie mkewe?