Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Harufu ya manyoya yanayoungua hukwama kooni. Hadi leo nikipita mbele ya saluni pale Malindi wakati msusi anachoma ncha za rasta kwa kiberiti, papo hapo narudi Ganda, kijijini kwetu. Nina miaka tisa, nimesimama uani kwetu, bibi yangu anakoroga manyoya ya mbwa ndani ya kigae juu ya mafiga, na mdogo wangu Karisa analia mikononi mwa mama kwa sauti ambayo sikujua mtoto wa miezi kumi anaweza kuitoa. Waliokuwapo siku ile wamelisimulia jambo hilo miaka nenda miaka rudi, na kila wakilisimulia huanza kwa maneno yaleyale: siku Sidi alipozubaa, mtoto akang'atwa. Sidi ni mimi. Nimeyameza maneno hayo arusini, matangani na kila Krismasi, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa mama. Sasa nimechoka kuyameza.

Ilikuwa likizo ya Agosti, katikati ya miaka ya themanini, baada ya ukame ule uliotulisha unga wa njano wa msaada. Mvua ya masika ilikuwa imetuhurumia hatimaye na mahindi yetu yalisimama marefu hadi nyuma ya choo. Mtu aliyetoka kwenye njaa huyalinda mahindi kwa roho yake yote, na ya kwetu yalikuwa na maadui wengi: nyani, tumbili, na jirani wa upande wa chini ambaye baba yangu mdogo, Kahindi, aliamini kwamba anausogeza mpaka kila anapolima. Ndiyo maana Baba mdogo alileta mbwa, na kwa desturi ya kwetu akampa jina la kumsuta jirani. Alimwita Waseme. Jua likianza kushuka alisimama mpakani na kumwita kwa sauti ya kusikika mbali, “Waseme! We Waseme!”, ili mwenye masikio ajue kwamba sisi hatubabaishwi na maneno ya watu. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya kahawia, mwembamba, sikio moja limechanika. Baba mdogo alimtengeneza awe mkali. Alimsagia pilipili kichaa akazichanganya na ukoko wa sima, na mbwa akala huku machozi yakimtoka, kwa sababu hakuwa na kingine cha kula. Mchana kutwa alifungwa kamba kwenye mkorosho uliokuwa uani, ili achukie watu, na alifunguliwa jua likienda kuzama aende shambani kuwafukuza nyani. Hilo lote lilifanywa kwa makusudi na mbele ya macho yetu. Halafu watu haohao waliomlisha pilipili wakataka awe mpole kwa mtoto mchanga. Siku chache baada ya mbwa kuletwa, Baba mdogo alimbeba Karisa mpaka pale kwenye mkorosho, akamnusisha mbwa nyayo za mtoto na kumwambia, “Haya, huyu ndiye mwenye mji. Mjue.” Waseme akanusa, akatingisha mkia mara mbili, watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo ilihesabiwa kwamba mambo yamekwisha. Mtoto alipoanza kutambaa akamvuta mbwa masikio, walisema wanacheza. Alipomlalia mgongoni mbwa akijaribu kusogea mpaka kamba ikamkaba, waliitana waje waone.

Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa Karisa likizo ile. Asubuhi mama alimfunga mgongoni kwangu kwa leso, naye akashika jembe au akapeleka mchicha soko la Malindi. Jumapili ndiyo siku tuliyokuwa wote, kwa kuwa baba, aliyekuwa dobi kwenye hoteli moja ya watalii, alikuja nyumbani kwa baiskeli akiwa amefunga kwenye keria mfuko wa mifupa kutoka jikoni kwao. Mifupa yenye nyama ilikwenda kwenye sufuria yetu, na iliyobaki ni ya Waseme. Mkeka ulitandikwa chini ya mkorosho uleule aliofungiwa mbwa, kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine cha maana. Baba alivua viatu, Baba mdogo alisokota sigara yake, bibi yetu, tuliyemwita Hawe kama wajukuu wa kwetu wanavyofanya, alichambua kunde, na mtoto aliachwa atambae katikati yao.

Jumapili ya kwanza ninayoikumbuka vizuri, Karisa alitambaa moja kwa moja mpaka kwenye mfupa. Waseme aliuinamia mfupa wake, akanguruma. Ilikuwa sauti ya chini, ndefu, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeielewa. Mtoto hakuielewa, ana miezi kumi. Wakubwa waliielewa vibaya. Baba mdogo aliruka, akachukua fimbo ya kuswagia mbuzi, akampiga mbwa aliyefungwa asiyeweza kukimbia. “Unamngurumia mwenye mji? Nani kakufundisha? Nani?” Alimpiga mpaka fimbo ikakatika. Kisha akamchukua Karisa, akamketisha palepale karibu na mfupa ili mbwa aone nani mkubwa, na mbwa akajikunyata, hakutoa hata pumzi. “Mmeona?” alisema Baba mdogo, akaketi. “Huyo hatarudia.”

Na kweli hakurudia kunguruma. Wiki ile yote nilimtazama, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kukaa na mtoto na nilikuwa na muda wa kutazama. Nilipopita na Karisa mgongoni, Waseme aligeuza uso pembeni lakini jicho lilitufuata, weupe wake ukionekana. Mwili wake uliganda. Alijilamba midomo ilhali hakuna chakula. Sikuwa na elimu yoyote ya mbwa, nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, lakini niliogopa kunyamaza kwake kuliko nilivyoogopa kunguruma kwake. Nilimwambia mama tukienda kisimani: “Mama, Waseme hamtaki Karisa.” Mama alisimama njiani, ndoo kichwani, akaniambia nisimtabirie ndugu yangu mabaya. Nilimwambia na Baba mdogo. Alicheka akamwita Hawe aje asikie. “Huyu Sidi anaogopa hata kuku,” alisema. “Mbwa kashatiwa adabu, mwanangu. Anamjua mtoto huyo kuliko unavyomjua wewe.”

Jumapili iliyofuata baba alikuja na mifupa. Mama alikuwa shambani, wengine mkekani. Nilikuwa nimempakata Karisa, nimemshika kiuno kwa mikono miwili, na anajinyonga atoke. Baba mdogo alikuwa ameshasokota sigara. Akaniambia, “Sidi, nenda kaniletee moto.” Kwetu mtoto hatumwi mara mbili. Hata hivyo nilisita, nikasema, “Baba mdogo, na mtoto?” Akajibu, “Nenda, tunamwona.” Watu wazima watatu walikuwa wanamwona. Nikamweka mkekani, nikaenda jikoni, nikachota kaa la moto kwa kijiti na kipande cha kifuu cha nazi, na nilikuwa narudi nikilipuliza lisizimike niliposikia yowe la Hawe. Hapakuwa na kunguruma kabla yake. Nimejiuliza usiku na mchana, na nina hakika, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yakingojea sauti hiyo wiki nzima.

Meno yaliingia chini ya jicho la kushoto na kushuka shavuni. Kungekuwa na tofauti ya upana wa kidole kimoja, Karisa angekuwa na jicho moja. Na mtoto huyo anayevuja damu hakuoshwa hata kwa kikombe cha maji, kwa kuwa watu walikuwa na kazi nyingine: kumkimbiza mbwa, aliyekuwa amekata kamba. Dawa ya kung'atwa na mbwa, kwa walivyojua wao, ni manyoya ya mbwa huyohuyo, yachomwe, majivu yapakwe kwenye jeraha. Baba mdogo alikwenda na panga. Alirudi na konzi ya manyoya, na Waseme hakulia tena baada ya hapo. Hawe aliyachoma kwenye kigae, akachanganya majivu na mafuta ya nazi, akayasukumiza ndani ya shavu la mtoto kwa kidole chake cha shahada. Ndipo baba akakumbuka kwamba kuna hospitali.

Alimpakia mama na mtoto kwenye baiskeli akawapeleka Malindi. Yaliyotokea huko mama alitusimulia aliporudi, akilia. Sista aliyekuwa zamu aliyaosha majivu yale kwa sabuni na maji ya bomba kwa muda mrefu, akigomba muda wote, kisha akauliza mbwa yuko wapi. Baba akajibu kwa fahari kidogo kwamba ameshauawa. Sista akaweka sabuni chini. Akawaambia wangemfunga mahali wakamtazama siku kumi ingejulikana kama ana kichaa au hana, na sasa hakuna wa kumtazama ila mtoto. Kwa hiyo Karisa akachomwa sindano za tumboni, siku baada ya siku. Kila asubuhi nilikwenda Malindi na mama, nikiwa nimembeba mgongoni, na tulipolikaribia lango la hospitali alianza kunikaza shingo kwa vidole vyake.

Mtu mmoja aliniambia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Nani aliyemwambia mtoto wa miaka tisa jambo kama hilo simkumbuki, lakini nikimkumbuka sitamsamehe. Kila nilipompa Karisa maji nilishika kikombe huku nikitazama koo lake. Akinywa, nilipumua. Akigeuza uso kwa sababu tu hana kiu, nilijificha nyuma ya ghala nikatapika. Hilo liliendelea kwa miezi, shule imefunguliwa, kovu limefunga, wengine wote wameshasahau.

Nasema wamesahau, ila jambo moja hawakulisahau. Juma lilelile, baba alituita wote ukumbini akauliza nani alikuwa na mtoto. Wote walinitazama. Nilimtazama Baba mdogo. Alikuwa anakwangua tope kwenye kisigino chake kwa kijiti, na aliendelea kukwangua. Nikasema, “Nilitumwa moto.” Kofi la mama lilinifika kabla sijamaliza. “Usimsingizie baba yako mdogo!” Baba na Hawe walikuwa mkekani, walisikia nilivyotumwa kwa masikio yao wenyewe, na hakuna aliyefungua mdomo. Jambo likamalizwa hivyo: mbwa alikuwa mbaya, na Sidi alizubaa. Nilikuwa nimesema wiki nzima nikachekwa, nikasema tena nikapigwa. Sikusema mara ya tatu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kuliko kofi lenyewe.

Karisa hakuwa na kichaa, na huenda hata Waseme hakuwa nacho. Mdogo wangu sasa ni mwalimu, amejenga Malindi, nyumba ya bati jekundu, na ana kovu linaloshuka shavuni ambalo huwaambia wanafunzi wake alilipata akipigana na chui. Mwezi wa Disemba uliopita tulikutana kwake. Baba na mama wamekwisha kututoka, Hawe vilevile. Baba mdogo yupo, mkongojo mkononi, sauti bado ya mtu wa kuamrisha. Kitinda mimba wa Karisa ni msichana wa miezi tisa. Na yupo mbwa, mkubwa, mwenye manyoya mengi, aliyeachwa na Mtaliano aliyerudi kwao, ana cheti cha chanjo na bakuli lake la bati. Hayo nayasifu, kwa kuwa sisi hatukuwa nayo. Lakini alilala mlangoni anatafuna mfupa, mtoto anatambaa kumwendea, na shangazi na wajomba wameinua simu wapige picha. “Huyu hana neno,” walisema. “Kalelewa na Wazungu, huyu.” Miaka arobaini, na maneno ni yaleyale, yamebadilishwa nguo tu.

Mbwa akanguruma. Karisa, Karisa mwenyewe mwenye kovu, akavua ndara akainua mkono ampige. Nilimdaka mkono huo hewani kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. “Usimpige!” nilisema. “Mchukue mtoto. Amekuambia umchukue mtoto.” Nikaona haelewi, nikamwinua msichana mwenyewe nikampakata, na mbwa akalaza kichwa akaendelea na mfupa wake. Karisa alivaa ndara yake polepole, akajishika shavu. “Dada,” akaniuliza, “kwani Waseme alinguruma?”

“Alinguruma Jumapili moja kabla,” nikamjibu. “Akapigwa mpaka fimbo ikakatika. Nami nilisema, wakanicheka. Na siku yenyewe nilikuwa nimekushika, nikatumwa moto wa sigara.” Nilisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa Baba mdogo hasikii vizuri siku hizi. Alisikia. Aliutazama mkongojo wake, akausogeza upande huu na upande ule. Kisha akakohoa.

“Sidi,” akaniambia, “hebu nenda ukanitilie chai.”

Mtoto alikuwa mapajani kwangu, nimemshika kiuno kwa mikono miwili. Sikuinuka.