Shuka la Kikosi Lilivyofumuliwa Xintang

Mimi ndiye niliyesema "kama kawaida." Hilo nataka lijulikane mapema, maana wengine wakisikia habari hii wanamlaumu yule Mchina, na Mchina wa watu hana kosa.

Kazi yangu Guangzhou ni jinzi. Shule niliishia kidato cha nne, Kichina changu ni cha sokoni, lakini jinzi nazijua. Nikiona suruali inagombaniwa Kariakoo, nanunua moja, naipeleka Xintang, kitongoji cha viwanda vya jinzi, kwa mwenye karakana, ambaye sote tunamwita laoban, yaani bosi, naiweka mezani na kumwambia kama kawaida. Basi anaichukua ile sampo, anaifumua mshono kwa mshono, anavitandaza vipande juu ya karatasi, anachora kimoja kimoja, halafu anakata mia mbili zinazofanana nayo. Sampo yenyewe haishonwi tena. Inaishia kwenye mfuko wa matambara. Sijawahi kuisikitikia hata moja. Mimi nilikuwa naota tu siku ambayo jinzi hizo zitakuwa na lebo yangu kiunoni, na watu wa kwetu Tabora waniulize kama ni mimi kweli.

Babu yangu alikuwa fundi cherehani wa kikosi kimoja kilichopigana vita vya Uganda. Waliorudi wana umoja wao huko kwetu. Ni wazee wachache, wajane wengi, na chumba kimoja cha kuazima chenye picha, kofia mbili za chuma na sufuria kubwa iliyotobolewa na risasi. Wanatembelea wagonjwa. Wanawasindikiza wajane kufuatilia mafao, wanakaa nao kwenye benchi za ofisi mpaka jina liitwe. Na mwenzao akifariki, wanamzika. Hapo ndipo linapoingia shuka.

Babu alilishona mwaka waliporudi, kwa vipande ishirini na sita, kila kimoja kimekatwa kwenye gwanda la askari ambaye hakurudi. Mwanachama akifa, jeneza lake linafunikwa nalo mpaka makaburini, ili wale waliotangulia wamsindikize. Kisha linakunjwa, linarudi chumbani. Hakuna jina lililoandikwa. Wenyewe wanajua kwa mahali: huyu mstari wa juu katikati, yule pembeni kushoto. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mjane hata hajafikisha miaka ishirini. Mumewe alizikwa huko huko vitani na kaburi lake hajaliona mpaka leo. Kila mkutano bibi huyo analivuta shuka mapajani, anaweka kiganja mstari wa tatu, kipande cha mwisho, na anakaa hivyo mpaka ajenda ziishe.

Mwaka huu shuka likaanza kuchanika. Wazee wakakubaliana litengenezwe jipya la kuzikia, la zamani liwekwe kwenye kabati la kioo, wajukuu wawe wanakuja kuliona. Nani ana safari ya China? Nikasimama mbele yao kwa mbwembwe.

"Wazee wangu, nitawaletea shuka ambalo hata mtu mzima wa afya atatamani kulijaribu!"

"Anza wewe!" akapaza sauti mzee mmoja, na chumba kizima kikacheka.

Babu alinikabidhi kwa mikono miwili. "Mke wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto, "hili lisipakiwe chini na mizigo ya watu." Nikalipakata kwenye ndege mpaka nikatua.

Siku niliyolifikisha Xintang nilikuwa na oda tatu za jinzi. Wakala wa mizigo wa bandari ya Huangpu alikuwa ananipigia simu kila dakika kwamba kontena linafungwa. Nikaliweka shuka mezani juu ya suruali, nikamwonyesha laoban kwa vidole kwamba nataka moja jipya, kitambaa kizito. Akauliza anifanyieje. Nikamjibu "kama kawaida," huku nimeshapokea simu nyingine.

Niliporudi baada ya siku mbili, alinipokea kwa furaha. "Meinü!" Maana yake mrembo, ndivyo wanavyowaita wateja wote wa kike, hata sisi wa sura za kawaida. Akakunjua shuka jipya. Jamani, lilikuwa zuri, mistari imenyooka kuliko ya babu. Nikampigia makofi. Kisha nikamuuliza la zamani liko wapi.

Akanionyesha mfuko wa matambara.

Nikakaa sakafuni katikati ya nyuzi. Laoban akaongea kwenye simu yake, simu ikanitafsiria kwa sauti ya kike isiyo na haraka: "Mteja, kwa nini unalia? Kitambaa kile kilikuwa kimechoka." Nikaishika simu, nikaiambia zilikuwa nguo za wanajeshi waliokufa. Simu ikasema maneno hayo kwa Kichina. Mke wa laoban alikuwa kwenye cherehani ya tatu. Akaizima, akaja, akaumwaga mfuko mzima chini, na mumewe akapiga magoti pembeni yake. Tukachambua matambara ya jinzi saa nzima. Vyote ishirini na sita vilipatikana. Lakini vilikuwa vya kijani kile kile kilichopauka, ukubwa ule ule, na mahali pake hapakuwepo tena.

Nilitafuta picha kwenye simu. Ninayo moja tu, wazee wanacheka na shuka limekunjwa. Nikavipanga mezani nikavipangua, nikavipanga tena. Nilitaka kuvishona hivyo hivyo na kunyamaza. Nani angejua? Halafu nikakumbuka kiganja cha yule bibi, nikampigia babu. Kwetu ilikuwa asubuhi.

"Mke wangu, umekula?"

"Babu, nimewaua wale wenzenu mara ya pili."

Nilimweleza. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema nimwonyeshe kimoja kimoja kwenye kamera. Mke wa laoban akawa ananiinulia, mimi naandika kwa chaki.

"Huyo mpishi wetu. Huyo wa redio. Huyo dereva, alikuwa anaimba sana. Huyo... huyo kijana wa ziwani."

Roho ikaanza kunirudi. Tulipofika cha kumi na saba akasema, "Huyo dereva."

"Dereva tumeshampata, babu."

"Walikuwa wawili."

"Babu, siku zote umeniambia mlikuwa na dereva mmoja, na alipokufa mlitembea kwa miguu."

Nikamwona ameisogeza simu mpaka puani.

"Macho yangu hayaoni, mjukuu wangu," akasema. Hakuniita mke. "Naona kijani tu. Nilitaka usilie."

Nikafuta chaki yote.

Nikamwomba anipe namba ya yule bibi. Sikutaka aje ayasikie mkutanoni, mbele ya watu. Nilipompigia, nikamweleza yote mpaka mwisho.

"Cha mume wangu kiko wapi?"

"Kimo humu, bibi. Sijui ni kipi."

"Mmoja katika ishirini na sita."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Kuku walikuwa wanalia nyuma yake. "Umeshashona?"

"Bado. Nilitaka kuanza leo."

"Acha. Usitie sindano. Ukishashona utakuwa umetupangia wewe. Vilete hivyo hivyo, tuvitandaze kwenye mkeka, kila mtu atafute wake."

"Na wakishika kimoja watu wawili, bibi?"

"Ulete mwenyewe," akasema. "Usimpe mtu wa kontena, wala usimtume mwenzio. Uje utuangalie."

Shuka jipya limeshaondoka na mzigo wa jinzi. Vipande ninavyo mimi, mke wa laoban alinitafutia foronya safi ya kuvitia. Nimekata tiketi ya kufika kabla ya mkutano wao. Nawaona wale mabibi wameinama juu ya mkeka, wananusa, wanapapasa, na mmoja anainuka mikono mitupu kwa sababu yangu. Lakini bibi ameniambia nije. Nakwenda.