Mafunda Mawili ya Methanoli

Alhamisi asubuhi Msabah alifumbua macho akakuta chumba kimejaa weupe. Akayafikicha, akayafumba, akayafumbua tena. Weupe haukuondoka. Dirisha alilijua lilipo kwa kuwa upande huo weupe ulikuwa mkali zaidi, na mkewe Salhiya alimjua kwa sauti tu, alipomwambia amka, chai inapoa.

"Nnakuja," akajibu, na hakwenda popote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kinampasuka, tumbo linamsokota, anahema kama aliyepanda ngazi zote za jumba lao la Michenzani na gunia la mchele begani. Alijua kilichompata. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayekusimulia: mtu huyu alijua, na bado akanyamaza.

Haya, nikurudishe nyuma kidogo umjue Msabah ni nani. Ni fundi wa magari, gereji yake iko Kiembe Samaki, miaka ishirini na mbili chini ya maboneti ya watu. Mafundi wa siku hizi huchomeka kompyuta wakasubiri iwaambie gari linaumwa nini. Msabah yeye alichomoa plagi, akaigeuza juani, akatazama rangi ya ncha yake. Ikiwa nyeusi, injini inakula mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ikiwa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mwachie mwenye gari aende zake. Kazi yake yote ilikuwa machoni, mikono ilifuata tu. Mwenyewe akisema kwamba mguu ukikatika atafanya kazi amekaa, lakini macho yakiondoka hana kazi tena, wala hajui nyingine.

Wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo alimjia Fayaz, kijana mwenye duka la mapazia Mlandege, na Subaru yake ya tabo. Fayaz alikuwa na mashindano ya magari mbele yake na alitaka nguvu zaidi. Sasa tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ukiikaza, hewa inaingia kwenye injini imechemka, petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na mwisho pistoni hutoboka. Tiba zake ni mbili. Ya kwanza, ujaze tangi zima ethanoli, ambayo inapoza na haiwaki ovyo. Ya pili, ubaki na petroli yako, uweke kitangi kidogo na pampu ndani ya buti, kikupulizie methanoli na maji kwenye njia ya hewa kila tabo inapokaza.

"Chagua wewe, fundi," Fayaz akasema. "Mie nnataka iende tu."

Kwa ufundi, methanoli ilikuwa na haki yake, silikatai hilo. Ethanoli ingetaka nozeli kubwa za kupulizia mafuta, pampu kubwa, na mapipa ya kuletwa kutoka bara kila mara, kwani gari huimaliza kwa pupa. Lakini Msabah hakufika hata huko. Aliuliza jambo moja tu: hiyo ethanoli ndiyo ile iliyomo ndani ya pombe? Fayaz akasema ndiyo hasa. Basi, maneno yakaisha.

"Ulevi hauingii gerejini kwangu, hata kwa njia ya tangi la gari," akasema, na akalisema mbele ya watu wote waliokuwa wakingojea magari yao, maana Msabah naye alipenda kusikika.

"Na hiyo nyingine je?"

"Hiyo sumu. Sumu si haramu kuishika. Haramu kuinywa, na nani atainywa?"

Aliinywa yeye. Hakukusudia, maskini. Dumu la methanoli la lita ishirini ni zito, kitangi chenyewe kilikuwa kimebanwa kwenye pembe ya buti, na njia ya mafundi wa kwetu unaijua: unatumbukiza mpira ndani ya dumu, ncha nyingine unaitia mdomoni, unavuta pumzi, mafuta yakikaribia unautoa upesi na kuuelekeza kwenye tangi. Msabah alivuta petroli namna hiyo tangu ujana wake. Petroli hujitangaza kwa harufu kabla haijafika. Methanoli haina adabu hiyo. Ilimjaa mdomoni hajategemea, akameza. Akakohoa, akatema, akasukutua kwa maji. Kisha, ukaidi wa binaadamu, kwa kuwa mpira ulishaingia hewa, akavuta tena na akameza tena. Hiyo ilikuwa Jumatano, siku moja kabla ya Alhamisi ile, saa tano za mchana.

Baada ya muda akahisi kichwa chepesi na ulimi mzito. Akajikuta anacheka peke yake. Hapo ndipo alipoogopa, na hakuogopa sumu, aliogopa aibu, kwa sababu alihisi amelewa. Yeye, aliyesema vile mbele za watu. Akafunga gereji mapema, akaenda nyumbani, akamwambia Salhiya ana homa, akanywa maziwa bilauri mbili. Msikitini hakwenda, kwani mlevi haikaribii sala. Akalala kifudifudi akijiambia itapita. Laiti angemwambia mtu mmoja tu siku ile ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na waliosema hivyo hawakusema kwa kupamba maneno.

Basi Alhamisi ile, Salhiya alipomwona mumewe anapapasa viatu vilivyo mbele ya miguu yake, hakuuliza mara mbili. Akaita teksi, na saa mbili wakawa hospitali, mbele ya Daktari Tasneem, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na asiyependa kupoteza wakati.

"Umekula nini jana? Umekunywa nini?"

"Nna malaria tu, daktari."

Wakapima malaria, hakuna. Wakapima sukari, iko sawa. Saa nzima na zaidi ikapotea hivyo. Mwisho daktari akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa.

"Bwana Msabah, macho hayazimiki hivi kwa homa. Kila dakika unayonificha, unayatoa wewe mwenyewe."

Hapo akasema. Mpira, dumu, mafunda mawili, na ile aibu. Alisema huku analia, na Salhiya amesimama pale pale anasikiliza.

"Dawa yake ipo duniani, lakini hapa sina," Tasneem akasema. "Mashine ya kusafisha damu ntakupatia leo, ila si sasa hivi. Sasa hivi kinachoweza kuizuia sumu ni kitu kimoja." Akashusha sauti, kwani aliwajua watu wake. "Pombe. Ini likipata pombe linashughulika nayo hiyo kwanza, na methanoli inatoka haijageuka kuwa ile sumu inayokula macho. Spiriti yetu ya vidonda haifai kunywewa. Nnataka chupa ya dukani, iliyofungwa, nikupimie kila saa."

Msabah akageuza uso. "Sinywi."

"Msabah," Salhiya akasema.

"Nshasema sinywi. Nikipofuka nipofuke."

"Dharura huijui wewe? Anayekufa na njaa si kahalalishiwa hata nyamafu? Mbona ukiwasomea wenzio?"

Aliijua. Aliijua kwa aya zake. Kilichomzuia hakikuwa dini, usidanganyike. Ulikuwa ni uso wake mbele ya watu wa gerejini, akiuona bado wakati vingine vyote havioni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Salhiya hakubishana tena. Alimpigia Fayaz awanunulie hiyo chupa, simu ikaita mpaka ikakatika. Akajitanda vizuri na akaenda mwenyewe, na buibui lake, mpaka Shangani, kwenye duka linalowauzia wageni vinywaji. Muuzaji alimtazama toka juu mpaka chini.

"Bi mkubwa, umepotea njia?"

"Sikupotea. Nipe iliyo kali."

Kule hospitali, Msabah alikuwa amelala peke yake na weupe wake. Kisha akaona, kama ni kuona, kwamba weupe unachafuka na kuwa kijivu. Akamwomba muuguzi amwashie taa. Muuguzi akamwambia taa inawaka, na dirisha liko wazi. Msabah akainua mkono wake mbele ya uso, akachezesha vidole, vidole alivyovijua kuliko jina lake. Hakuona kitu. Akaviweka karibu mpaka vikamgusa kope. Hakuona kitu. Ukaidi wote ukamtoka hapo hapo, akabaki na hofu tupu, akawa anaita "Salhiya, Salhiya," na Salhiya yuko njiani.

Alipoingia, neno la kwanza la Msabah lilikuwa, "Umeipata?"

Daktari akapima, akachanganya na maji ya machungwa, Salhiya akamshikia kikombe. Msabah akafungua mdomo kusema bismillahi kwa mazoea, akasita. Hakujua jina la Mungu ataliwekaje juu ya kitu kile.

"Sema," mkewe akamwambia. "Ni dawa."

Akasema, akanywa. Ikamuunguza mpaka tumboni. Saa iliyofuata akanywa tena, na iliyofuata tena, mpaka mashine ikapatikana alasiri. Alilewa, mara hii ulevi wenyewe, na ndani ya ulevi alimwomba Mungu radhi, akamwomba mkewe radhi, akawaomba radhi watu wasiokuwepo.

Alipona. Figo zilipona, moyo ulipona, tumbo likatulia. Macho hayakurudi. Siku ya saba alimuuliza Tasneem swali ambalo Salhiya alikuwa akiomba asiulize.

"Lau ningekunywa pale pale uliponiambia?"

Daktari alimshika mkono. "Pengine," akasema.

Siku ya kumi wakarudi Michenzani. Salhiya alimshika mkono, akawa anamhesabia ngazi kwa sauti ya chini, na Msabah anapapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu. Walipofika ghorofa ya pili wakasikia wanawake wanazungumza, na wanawake wale walipohisi nyayo zao wakaendelea kwa mnong'ono wa kusikika.

"Gongo hiyo. Macho hayapofuki hivi hivi."

"Si mkewe kaonekana Shangani mchana kweupe, chupa mkononi? Kumbe wenzetu wakinywa ndani wamejifungia."

Salhiya akamvuta mkono. "Twende, mume wangu."

Msabah hakwenda. Yote yalimjaa kifuani, gari la Fayaz, mpira, mafunda mawili, alivyokataa hata pale alipoambiwa kunywa ndiko kupona. Akataka kuwaeleza, wajue, hata kama ni kwa kuapa. Lakini ngazi zile zina mwangwi, na hakujua sauti zimetoka juu au chini. Akageuka huku na huku, akasimama, akafungua mdomo, na Salhiya ikambidi amwambie kwa upole kwamba mbele yake ni ukuta.