Gauni la Elfriede Katjimune

Mara ya kwanza Elfriede Katjimune alipoanguka hakumwambia mtu. Alikuwa akitoka jikoni na bakuli la maziwa ya mgando, akavuka kizingiti, na kabla hajajua kimetokea nini alijikuta kifudifudi kwenye mchanga wa ua, maziwa yamemlowesha kifua. Akakaa pale pale chini akitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na aliyeona ila mbuzi wa jirani. Akajiinua taratibu kwa kushika ndoo, akabadili nguo, akafua iliyochafuka, na jioni jirani yake Hildegard alipokuja kuomba sukari, alikuta kila kitu kiko mahali pake.

Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mjane, fundi cherehani. Pale Okakarara, mji mdogo wa Namibia, ilikuwa shida kumpata mwanamke wa Kiherero wa rika lake ambaye hajawahi kuvaa gauni lililopita mikononi mwake. Yale magauni mnayajua: mikono iliyojaa, sketi inayomeza mita kumi za kitambaa, chini yake magagulo matano au sita, na pindo linalofagia ardhi. Mwanamke aliyeolewa akivaa vile, na kilemba chake chenye pembe mbili kichwani, haendi kwa pupa. Anakwenda kama ng'ombe mwenye mimba, taratibu, akijua anatazamwa. Elfriede alivaa hivyo tangu wiki ya harusi yake. Hata kuku aliwalisha akiwa amevaa hivyo.

Mara ya pili alianguka kwenye ngazi za kanisa, wenzake wakiwa wameshatangulia ndani. Kifundo cha mkono kilivimba kama kiazi, naye akakificha ndani ya mkono mpana wa gauni kwa wiki mbili, akishona kwa mkono mmoja na kuwaambia wateja kwamba kazi imemzidi.

Toka hapo hakutulia tena. Alikaa kwenye cherehani, akashona mistari miwili, akainuka kwenda kutazama geti, akarudi, akakuta ameshona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua. Dukani aliacha kwenda, alimwagiza Hildegard. Kanisani alisingizia mafua. Kila alipotaka kuvuka ua alisimama mlangoni akiupima kwa macho kana kwamba ni mto uliofurika, kisha akarudi ndani kuzungukazunguka meza. Kadiri alivyojifungia ndani ndivyo miguu yake ilivyozidi kuwa laini, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Mara ya tatu ilikuwa asubuhi, njiani kwenda choo cha nje. Safari hii hakuweza kujiinua. Alilala juani mpaka Hildegard alipopita na ndoo yake, na Hildegard hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alimpigia simu Mbapeua, binti pekee wa Elfriede, mwalimu wa shule ya msingi jijini Windhoek. Jumamosi Mbapeua akafika na gari, akafunga masanduku mawili na ile cherehani, akamchukua mama yake.

Walianza kugombana kabla hata hawajaiacha barabara ya mchanga.

"Ni hili pindo, mama. Unalikanyaga."

"Nimekwenda nalo miaka hamsini."

"Basi ukiwa nyumbani vaa gauni la kawaida. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona," Elfriede alisema, na hadi mji wa Otjiwarongo hakufungua mdomo tena.

Nyumba ya Mbapeua ilikuwa nzuri, ina bafu ndani na sakafu ya vigae inayong'aa. Lakini Mbapeua alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi jioni, na kwa kuwa aliogopa wezi, na aliogopa zaidi mama yake asije akatoka akaangukia barabarani, alilifunga lile geti la nondo la mlangoni na kuondoka na ufunguo. Alimwachia chakula, redio na simu. Ilikuwa ni mapenzi, hilo Elfriede hakulikana. Ila kufikia saa mbili alikuwa ameshamaliza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kutembea: jikoni mpaka kwenye nondo, nondo mpaka jikoni, mkono mmoja ukutani kwa hofu ya vigae. Alipanga vikombe upya. Alifungua cherehani, akaifunga. Alisimama kwenye nondo akimtazama mwanamke wa nyumba ya pili akianika nguo, akamwonea wivu kwa kuanika nguo.

Siku ya kumi na moja Mbapeua alirudi akamkuta amekaa kwenye sanduku lake karibu na geti, amevaa kilemba, kama mtu anayesubiri basi.

"Ng'ombe wa baba yako tulikuwa tukiwafungia usiku," Elfriede alimwambia. "Mchana tuliwafungulia."

Mbapeua aliketi kwenye kiti cha jikoni akiwa bado na mkoba begani. Akasema kwamba akiwa darasani hafundishi, anasikiliza simu. Kila ikilia anajiona tayari yuko mazikoni. Akamwomba mama yake jambo moja tu: waende kliniki apimwe, halafu watazungumza habari ya kurudi. Elfriede akakubali, maana lingekuwa jambo lolote la kumtoa nje ya zile nondo angelikubali.

Kliniki walimkuta nesi mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimlaza Elfriede akampima presha, akamsimamisha akampima tena. Ilikuwa imeshuka sana. Akamwambia ainuke kwenye kiti bila kushika popote. Elfriede akajaribu mara mbili, ya tatu ndiyo akafanikiwa. Nesi akamwomba atoe ulimi, akautazama, akauliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Elfriede akasema ya kutosha. Nesi hakubisha. Aliandika tu, akawaambia warudi keshokutwa kumwona daktari, na kwamba daktari naye atauliza swali lile lile.

Jioni ile Mbapeua alikuwa akimfungua mama yake vifungo vya mgongoni. Vilikuwa vingi, vidogo, na mkono wa Elfriede ulioumia haukuvifikia tena.

"Sinywi maji," Elfriede akasema, uso kwa ukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nikishakunywa chai ya asubuhi, basi mpaka jua lizame."

Vidole vya Mbapeua vikasimama. Na kwa kuwa alikuwa nyuma, na hawakutazamana, Elfriede akaweza kulimaliza. Choo cha Okakarara kiko hatua arobaini kutoka mlangoni. Magagulo sita hayainuliwi kwa mkono mmoja. Yanataka mikono yote miwili, na hapo hakuna unachoshika. Siku moja alichelewa. Alijilowesha katikati ya ua, ilhali ndani mteja anasubiri kupimwa. Alirudi akasema amemwagikiwa na ndoo, akampima yule mteja akiwa amelowa vile vile, akitabasamu. Toka siku hiyo akaacha maji. Na kile kidonge cha presha, kile kinachomkimbiza chooni, akawa anakimeza siku asizotarajia wageni, pengine viwili kwa pamoja kufidia vya jana.

Mbapeua akarudi kwenye kazi yake. Alivimalizia vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

"Na mimi nimekaa nakugombeza kwa ajili ya pindo," akasema.

"Pindo nalo lina lake," Elfriede akakiri. "Kanisani nililikanyaga."

Daktari alisema mwili usio na maji ndio unaoishusha presha mtu akiinuka, akabadili dawa, akampa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi, awe na wageni au asiwe nao. Nesi akamfundisha kuinuka kitini bila mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Siku ya kwanza aliweza mara nne. Lakini ule mhangaiko wote aliokuwa akiumalizia kwenye nondo sasa ulipata pa kwenda: aliinuka na kuketi mbele ya redio, wakati wa kusubiri chai ichemke, akiwa kwenye simu na Hildegard, mpaka Mbapeua akamwambia apumzike, kiti kitavunjika.

Geti halikufungwa tena. Alitoka kila siku kwenda kona ya mtaa na kurudi. Na cherehani ikafunguliwa. Alichukua gauni lake la buluu, la zamani kuliko yote, akalifumua juu ya meza ya kulia chakula. Magagulo sita akayafanya mawili, ya kitambaa kigumu, akayaunga kwenye mkanda mmoja ili yainuke kwa pamoja kwa mkono mmoja. Vifungo vya mgongoni akavihamishia mbele. Pindo la nyuma aliliacha lifagie kama kawaida. La mbele akalipandisha vidole vitatu. Akavaa, akatembea sebuleni, akatazama chini, akaona ncha za viatu vyake. Hakupenda. Akafumua, akapandisha vidole viwili. Mbapeua alisema havitoshi. Walibishana siku mbili nzima, na vikabaki viwili.

Mwezi wa Agosti alirudi kwake. Kabla hajafika, Mbapeua alikuwa ameshamtafuta fundi wa kuchomelea, naye amesimika bomba la chuma la kushikilia kutoka mlangoni mpaka chooni, na jingine ndani ya choo chenyewe. Hildegard alikuja kulitazama, mikono kiunoni.

"Mwenzangu, umejijengea zizi la peke yako?"

"Zizi la nini. Pita ulishike uone."

Hildegard akalishika, akaenda nalo mpaka mwisho, akarudi. Kisha akaketi, akashusha sauti ingawa walikuwa wawili tu, akauliza lile gauni jipya linafunguliwaje. Elfriede akamwonyesha. Hildegard akaligeuza ndani nje, akauchunguza mkanda wake, na mwishowe akasema kwamba yeye naye, siku za kanisani na za misiba, hanywi tone. Alidhani ni yeye peke yake. Wiki ile ile akaleta kitambaa chake, na nyuma yake wakaja wengine watatu, wakisema kwamba wanataka tu kuona mshono.

Kazi ilimrudisha kwenye cherehani, na huko nako ilibidi ajichunge, maana akishazama kwenye mshono husahau kuinuka. Hofu haikumtoka yote. Kuna siku alisimama mlangoni akiupima ua, mkono kwenye bomba, mguu haujatoka. Siku nyingine hakulikumbuka bomba kabisa.

Mbapeua alipiga simu kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kwenda shule, na kila asubuhi mama yake alijibu kwamba ameamka salama. Jumanne moja ya Septemba, wakati upepo wa vumbi ulipovuma, Elfriede aliyumba kwenye kamba ya kuanikia nguo akatua kwa goti moja. Aliinuka mwenyewe. Kesho yake alfajiri alikuwa amekwenda jikoni mpaka getini mara tatu kabla simu haijalia, na ilipolia aliiacha iite kidogo.

"Jana nilianguka," akasema.

"Umeumia?"

"Goti limechubuka. Nilibeba beseni kwa mikono yote miwili. Kosa langu."

"Nije?"

"Usije. Nakuambia ili ujue. Sikuiti."

Upande wa pili ulisikika mlango wa gari ukifunguliwa, kisha ukifungwa tena.

"Haya," Mbapeua akasema mwishowe. "Maji umekunywa?"

"Nayanywa sasa hivi," Elfriede akasema, akakata simu, akaenda kuyamimina.