Msimamizi na Roboti Isiyohitaji Uzio

Msimamizi wetu, katika kiwanda cha milango ya majiko hapa Ohio, hupitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kila kitu, hata kikombe cha kahawa kabla ya kunywa. Sauti yake haipandi kamwe. Wiki ile alitakiwa kuchagua roboti: ama kubwa ya kufungiwa ndani ya uzio, ama ndogo ya kufanya kazi bega kwa bega na Rochelle, anayepanga mabati. Sote tuliitaka ndogo. Muuzaji wa roboti aliweka kiganja mbele ya ile ndogo, ikamgusa, ikasimama. Tukapiga makofi.

“Sasa ishike bati,” msimamizi akasema. Akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono. Roboti ikamgusa kwa ukingo wa bati, ikasimama papo hapo, kama tulivyoahidiwa. Damu ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

“Haina kosa,” akamwambia muuzaji. “Tutachukua ile ya uzio.”

Rochelle alimfunga kitambaa huku akifoka. “Bosi, una wazimu? Si ungejaribu na soseji?”

“Soseji isingesimama hapa kesho. Ungesimama wewe.”

Rochelle akakaza fundo.